Piga Kwanza, Punga Baadaye

Wymark, Nebraska
9 Februari 1997

Mwanangu Loren,

Hujambo? Janelle hajambo? Sisi huku hatujambo, wale ambao barafu haijawaangusha. Mke wa mchungaji imemwangusha mbele ya posta akavunjika nyonga. Keki aliyoibeba haikupata hata mkwaruzo, na watu waliimaliza palepale wakimngoja daktari. Baba yako hajambo. Anakula, analala, anatazama dirishani. Siku hizi anatembelea fimbo kidogo, si jambo la kukukosesha usingizi.

Barua yako niliifungua kwa kisu cha mkate, kwa haraka. Miezi minne hukuandika! Nikajiambia, mwanangu amekumbuka kwamba tarehe sita nilitimiza miaka sitini na miwili. Kumbe umekumbuka siku ya kufa ya kichwa cha treni.

Nimeisoma mara mbili. Darasa langu la nane la shule ya mashambani halikunifundisha kusoma mambo ya kichaa mara moja yakaingia. Unasema kichwa namba 4417, kile cha baba yako, kimeuzwa kama chuma chakavu. Unasema theluji ikiisha kitaburutwa kikiwa kimezimwa, kikichanganywa na treni ya mizigo, kipite hapa kwetu kwenda kuvunjwavunjwa. Na unataka mimi, niliyepiga picha ya ubatizo wako nikakukata kichwa, nisimame relini na wale wazee wapiga picha za treni nikupigie picha yake ya mwisho. Nimehesabu. Baba yako ana mstari mmoja katika barua hiyo. Namba 4417 ina kurasa mbili.

Sawa, nitapiga. Lakini kwa sharti moja: picha hiyo siitii posta. Utakuja kuichukua kwa mkono wako hapa mezani kwangu, baba yako akiwa kwenye kiti chake. Miaka kumi na mmoja ya kununiana inatosha. Ukikubali, niandikie. Usipokubali, niandikie pia, nipate mtu wa mbali wa kumkasirikia. Wa karibu nimewamaliza.

Vaa fulana ya ndani.

Mama


Tacoma, Washington
27 Februari 1997

Mama yangu mpendwa,

Habari za huko? Mpe pole mke wa mchungaji, na walioila keki wape hongera. Hapa ni mvua tu. Kazi inaendelea vizuri. Janelle anawasalimu.

Ahsante kwa kukubali. Kuhusu kuja, nitakuja tukijaliwa. Tuangalie kazi itasemaje.

Sasa nisikilize vizuri. Kamera iko kabatini, chini ya mashuka ya bibi. Ile ya pili, si ile ambayo baba aliipigiza sakafuni. Simama upande wa kusini wa kivuko cha reli, jua likuangukie mgongoni. Ukisimama upande wa kivuli utanipigia picha ya gunia la makaa. Usibonyeze mapema, ngoja mpaka pua ya kichwa ifike kwenye nguzo nyeupe. Namba zote nne zisomeke. Na tafadhali, mama, mtu asiingie ndani ya picha, hata mmoja. Picha ya treni yenye mtu ndani, sisi wapenda treni huitupa.

Mtafute Bwana Pospisil, yule mwalimu mstaafu wa jiografia. Yuko pale kivukoni kila asubuhi na kiti chake cha kukunja, atakufundisha. Baba asijue. Atasema na wewe umeanza kutoka povu mdomoni kwa ajili ya treni, kama sisi.

Wako,
Loren


Wymark
23 Machi 1997

Mwanangu,

Salamu kutoka kwenye tope, maana theluji inayeyuka na ua wote ni uji. Mke wa mchungaji ameanza kukaa kitandani na kutoa amri. Wanaume wa kanisani walikuja na mbao wakatujengea mteremko juu ya ngazi za mbele. Ni kwa ajili ya barafu. Baba yako anakula vizuri, nampikia vitu laini laini.

Mkanda wa picha za majaribio umerudi kutoka kusafishwa duka la dawa. Picha ishirini na nne. Tisa ni kidole changu gumba, nacho kimetoka vizuri sana. Sita ni matako ya treni. Moja ni mbwa wa Pospisil. Nane ni anga ya Nebraska, ambayo nilikuwa nayo tayari.

Hao wazee wako wako wanne, na kila mmoja ana chupa yake ya kahawa na kofia chafu kuliko ya mwenzake. Miaka thelathini na sita baba yako aliendesha treni akiwaita watoka povu, kama walivyowaita madereva wote, kwa kuwa wakiona kichwa cha zamani wanaachama na kutoka povu kama mbwa mwenye kichaa. Sasa nakaa nao. Wameniletea kiti. Wanabishana juu ya rangi ya mistari kama wanawake wanaochagua mapazia, halafu treni ikija wananyamaza wote kama wako kwenye sala. Nimeshaona sala fupi kuliko hiyo.

Tatizo langu ni mkono. Juzi treni ya mahindi ilipita, Pospisil akageuka.

"Lavonne, umepiga?"

"Nimepunga."

"Sikukuuliza hilo. Umepiga?"

"Mkono mmoja ulikuwa unapunga, Eugene, wa pili umeshika kofia. Ningepiga na nini?"

"Mara ya tano hii! Piga kwanza, punga baadaye!"

"Unasema hivyo kwa sababu mkeo aliolewa na ramani. Mimi niliolewa na reli."

Wenzake walicheka mpaka mmoja akamwaga kahawa. Lakini wewe unajua ninachosema. Mke wa mtu wa reli hapa Wymark treni ikipita anapunga, hata akiwa na unga mpaka viwikoni, hata akiwa na vibanio vya nguo mdomoni. Nilimpungia baba yako kutoka dirisha la jikoni, maana yake nyumbani sote wazima. Naye akajibu kwa honi mbili fupi: na mimi mzima. Nikisikia magurudumu, mkono umeshapanda. Hauniombi ruhusa.

Nafanya mazoezi. Baba yako ananitazama viatu nikirudi. Nimemwambia natoka kanisani. Kanisa gani lina kokoto za reli, hajauliza.

Kula vizuri. Mwambie Janelle akupikie maharage.

Mama


Tacoma
14 Aprili 1997

Mama mpendwa,

Nimecheka mpaka jirani akagonga ukuta. Kidole gumba kitunze, kinaweza kupata zawadi kwenye maonyesho ya kaunti.

Habari ni hii. Rafiki yangu mmoja ameiona 4417 huko Cheyenne, imeegeshwa, ina kutu mpaka machoni. Itapita kwenu wiki ya kwanza ya Mei.

Kuhusu kuja, nimefikiri sana. Mwaka huu haitawezekana. Tafadhali itume tu kwa posta, kwa rejista haitapotea.

Usinikasirikie mimi. Mimi siku ile, nikipiga picha ya treni yake baba, nilisimama futi kumi kutoka relini, mahali salama kabisa. Yeye ndiye aliyevuta breki ya dharura akasimamisha treni nzima ili aniaibishe mbele ya wenzake. Yeye ndiye aliyerudi nyumbani akaipigiza kamera yangu sakafuni, akaniambia nichague kamera au nyumba yake. Nikachagua. Tangu siku hiyo hajaniandikia hata neno moja. Kama anataka nije, aniandikie mwenyewe. Mkono anao.

Wako,
Loren


Wymark
21 Aprili 1997

Loren,

Sote wazima. Hizo ndizo salamu za leo.

Barua yako niliitia kwenye mkebe wa unga nisiione. Kisha nikataka kuoka mkate nikaikuta tena. Habari ya mkono wa baba yako tuiache.

Futi kumi! Suruali uliyovaa siku ile niliifua mimi. Kwenye paja la kushoto kulikuwa na mstari wa grisi mpana kama kiganja. Grisi ya treni hairuki futi kumi kumtafuta mtu. Niliifua mara tatu, mstari ukakataa kutoka, nikaikata vitambaa vya kusafishia jiko. Kimoja ninacho mpaka leo, na mstari wake. Ukija nitakuonyesha.

Sasa nitakwambia ambalo hukuwahi kuniuliza. Kutoka dirishani kwake baba yako alikuona ukisogea na kamera usoni, halafu akakuona ukitoweka chini ya pua ya kichwa. Hivyo ndivyo alivyoona yeye. Akavuta breki. Treni ya mabehewa mia na kumi haisimami kama baiskeli, ilikwenda karibu maili nzima. Akashuka, akarudi kwa miguu, behewa baada ya behewa, akiinama kwenye kila gurudumu. Alikuwa akikutafuta, Loren. Vipande vyako ndivyo alivyokuwa akivitafuta. Na wewe ulikuwa umekaa ndani ya gari la Pospisil unabadilisha mkanda.

Alifika nyumbani akatapika kwenye sinki langu. Kamera aliivunja baada ya hapo, na alikosea, nilimwambia na ninamwambia. Lakini wenzake walimcheka msimu mzima: "Merle kavuta breki kwa ajili ya mtoka povu!" Hakuwajibu. Kampuni ilimsimamisha kazi siku thelathini. Hakujitetea. Unamwona mtu wa namna hiyo akikaa kukuandikia barua?

Na barua yako hii haina Janelle. Ile ya kwanza alikuwemo, lakini kama mtu aliyeandikwa kwenye fomu. Mimi sina shule, lakini macho ninayo.

Sharti langu liko palepale. Hakuna mkono wako, hakuna picha.

Mama


Wymark
11 Mei 1997

Mwanangu,

U mzima? Wiki tatu sijapata jibu lako. Leo ni siku ya akina mama, kanisani wamenipa ua moja na chembe ya keki. Mke wa mchungaji aliingizwa akiwa amekaa na akapata makofi mengi kuliko Yesu. Mvua imenyesha vizuri, mahindi yameanza kuchungulia.

Nimeikosa.

Nakwambia mapema usisome ukitumaini. Ilikuwa Jumanne asubuhi. Pospisil alipiga simu akasema imeshapita mji wa jirani, ni ya tatu, inaburutwa nyuma ya vichwa viwili vizima, nina nusu saa. Nikachukua kamera. Baba yako alikuwa palepale, ameshasikia yote.

"Kanisani?" akaniuliza. Siku hizi ana maneno machache.

"Kanisani," nikasema.

"Nami."

Basi nikamvika koti, nikamfunga vifungo, nikamtafutia kofia yake ya kazi. Tulifika nikihema kama mimi ndiye kichwa cha treni. Kwa miaka yote alikuwa akiapa kwamba hatasimama na watoka povu, na kweli hakusimama.

Pospisil alivua kofia. "Karibu kwenye povu, Merle."

Baba yako akamtazama. Akatazama jua, akatazama ghala refu la nafaka, kisha akanyooshea kidole mahali Pospisil alipoweka kiti chake.

"Kivuli," akasema.

Na kweli! Kivuli cha ghala kilikuwa kinasogea, dakika kumi zaidi kingewafunika wote. Wazee wanne wenye kamera nne shingoni wakabeba viti vyao wakahamia juani alikowaonyesha kwa kidole, kama watoto wa shule. Miaka thelathini na sita anawapita na kuwatukana, kumbe alikuwa anajua jua linakaa wapi.

Halafu ikaja. Loren, ilikuwa mbaya. Kutu, madirisha yamepigwa mbao, na ndege ameanza kiota juu yake. Lakini namba zilisomeka zote. Nikainua kamera. Jua mgongoni, nguzo nyeupe machoni, kidole kimekaa kwenye kitufe na si mbele ya lenzi. Nilikuwa tayari kuliko siku ya harusi yangu.

Na yule dereva wa mbele, sijui nani alimwambia, akapiga honi mbili fupi.

Mikono ikapanda. Yote miwili! Kamera inaning'inia shingoni kama kengele ya ng'ombe na mimi nakipungia chuma chakavu, kisicho na mtu ndani, nikiwa nimesogea mbele ya kila mtu. Nyuma yangu nikasikia Pospisil anasema neno ambalo si la jiografia. Baba yako naye aliinua mkono. Nilipokumbuka kubonyeza, lilikuwa limebaki behewa la mwisho.

Kwa hiyo picha huna, na sharti nimelivunja mimi mwenyewe. Huna tena sababu ya kuja. Nilikaa jikoni nikalia kidogo, kisha nikajikasirikia kwa kulilia vyuma.

Mama


Tacoma
24 Mei 1997

Mama,

Sijambo, na sitaki kuanza na mvua.

Bwana Pospisil amenitumia picha yake. Ameandika nyuma: "Mama yako ameniharibia picha niliyoingojea miaka ishirini. Itazame vizuri kabla hujaitupa."

Nimeitazama siku tatu. Namba inasomeka 44 tu. Nyingine umeziziba wewe kwa mikono yako, mdomo wazi, kofia imeruka. Na kwenye kona ya chini kuna kiti cha magurudumu. Baba amekaa ndani yake. Mkono wa kushoto ameuinua juu. Wa kulia umelala pajani kama glavu iliyosahauliwa.

Tangu lini, mama? "Anatembelea fimbo kidogo"! "Mbao ni kwa ajili ya barafu"! Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe umemficha mume mzima. Na mimi nikaandika "mkono anao". Nimeandika hivyo, nawe ukaisoma ukairudisha kwenye unga.

Sasa na mimi nikwambie. Hazikuwa futi kumi. Zilikuwa tano. Nilitaka kichwa kijaze picha yote, nikasogea, nikasogea tena. Nikasikia upepo, na kitu kikaniparuza paja. Nilijua siku ile ile. Nilikaa ndani ya gari la Pospisil kwa sababu ya hofu, si kwa sababu ya mkanda. Nilimwona baba kwa mbali akitembea ameinama. Nilidhani anakagua breki. Hapana. Nilijiambia nadhani hivyo.

Janelle aliondoka Septemba. Salamu zake nilizitunga.

Nitatoka hapa tarehe saba Juni kwa gari. Nitafika Jumatatu mchana. Niambie kama atakubali kuniona.

Loren


Wymark
31 Mei 1997

Mwanangu mpenzi,

Pole kwa Janelle. Mengine nitayasema nikikuona unakula. Nimeshaweka kando vikonyo vya rubabu, ule mmea mchachu, kwa ajili ya pai, na shuka zako ziko kwenye kamba tangu asubuhi. Mke wa mchungaji anatembea, na ameanza kuulizia keki yake.

Ilikuwa Oktoba, akikusanya majani kwenye ua wa nyuma. Kiharusi. Ulimi na upande wote wa kulia. Siku ya kwanza aliyoweza kusema kitu kikaeleweka, alisema: "Asije kwa huruma." Akanikataza kukuandikia. Wewe nawe unasema mpaka akuandikie. Hivi mnajua mnavyofanana? Afadhali ningeolewa na 4417 yenyewe. Ile angalau ilikuwa inasikia breki.

Barua yako nimemsomea yote, sikuruka kitu. Kwa Janelle alitikisa kichwa. Kwenye "mkono anao" alicheka kwa nusu ya mdomo aliyobakiwa nayo, nikaona aibu kwa niaba yako. Nilipofika kwenye zile futi tano akapiga meza kwa mkono wa kushoto, kijiko kikaruka.

"Tatu."

Tangu Oktoba hajasema neno likanyooka hivyo. Nikamwambia, "Kaandika tano, Merle, soma mwenyewe." Akainua vidole vitatu mbele ya pua yangu.

"Tatu, Lavonne."

Basi ni futi tatu. Usije ukabishana naye, mmoja wenu alikuwa na kamera usoni na mwingine alikuwa anatazama.

Baada ya hapo akataka picha ya Pospisil. Nimeibandika mlangoni mwa friji. Anakaa mbele yake kila asubuhi, anainyooshea kidole, anaguna. Anasema Pospisil alibonyeza mapema.

Ukifika kivukoni simama, utazame pande zote mbili, kisha upige honi mbili fupi. Nitakuwa dirishani, na mikono yangu unaijua. Ngazi usizitumie, pandia kwenye mbao za barafu.

Kamera uje nayo. Baba yako atakuonyesha pa kusimama.

Mama